Sura ya Sita: Alasiri Iliyokuwa ya Mabibi Wakubwa

Alasiri ya Aprili katika bustani ya Shinjuku Gyoen, jijini Tokyo, huanza na viatu. Wasichana hufika wanne, watano, wakatandika turubai jepesi chini ya mcheri uliochanua, kisha mmoja mmoja wakainama kuvua viatu vyao: vya rangi ya waridi, vya rangi ya maziwa, vyeusi, vyenye tepe juu ya vidole na mkanda kifundoni. Miongoni mwa wavaaji viatu hivyo vina jina lake, viatu vya tafrija ya chai. Hupangwa jozi jozi ukingoni, kama vinavyopangwa mlangoni mwa nyumba ya Kijapani, au pembeni ya mkeka wowote wa Lamu na Unguja. Hapo ndipo magauni huanza kuketi. Kila moja hushuka taratibu likiwa na hewa yake ndani, likatanuka, likatua, mpaka turubai lote limefunikwa na marinda, lesi na picha za stroberi. Katikati huachwa nafasi ya kikapu na chupa ya chai.

Sura zilizotangulia zilitupitisha madukani na kwenye meza za mafundi. Hii inalifuata gauni linapotoka kabatini kwenda kukaa na magauni mengine, kwa kuwa naamini hapo ndipo utamu wa mtindo wa Lolita ulipo. Dukani gauni ni bidhaa. Barabarani ni ajabu kwa mpita njia. Mkekani, buli likipita mkono kwa mkono, linakuwa vazi la shughuli, na shughuli yenyewe ni kukaa pamoja bila haraka. Alasiri ya namna hiyo, kama tutakavyoona, kwa muda mrefu ilikuwa mali ya watu wachache sana.

Kwa msomaji aliyefungulia kitabu hapa, nitalieleza vazi kwa ufupi. Gauni la Lolita lina umbo la kengele. Kiuno kimebana, rinda limevimba, na urefu wake hufika magotini au chini kidogo. Chini yake huvaliwa shimizi yenye tabaka nyingi za neti, ambayo ndiyo inayolibeba rinda. Juu kuna blauzi yenye lesi, kichwani utepe mkubwa au kofia ya kufungwa kidevuni, miguuni soksi ndefu. Kuna Lolita tamu yenye rangi za peremende, Lolita ya kale yenye rangi tulivu na maua madogo, na Lolita ya kigothi, nyeusi kama joho la usiku.

Na jina lisitupoteze. Riwaya ya Vladimir Nabokov ya mwaka 1955 ina jina hilo hilo, lakini wavaaji hawajioni humo hata kidogo. Vazi lao hufunika mwili, wala halishonwi ili kumvutia mwanamume. Hushonwa limfurahishe anayelivaa, na baada yake, rafiki anayeketi naye.

Daraja na bustani

Mtindo huu ulizaliwa Japani, na mtaa uliolea utoto wake ni Harajuku, Tokyo. Mwaka 1970 duka la Milk lilifunguliwa hapo, na mwaka 1978 likasimama jengo la maduka la Laforet. Humo ndimo kilimoanza, mwaka 1979, kiduka kilichoitwa Pretty, ambacho leo wapenzi wa mtindo duniani kote wanakijua kwa jina la Angelic Pretty. Baby, The Stars Shine Bright ilianzishwa mwaka 1988 na mume na mke, Akinori na Fumiyo Isobe. Metamorphose temps de fille ilianza Osaka mwaka 1993. Mwaka 1999 Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, akaanzisha Moi-même-Moitié kwa wale wanaopenda weusi na ukimya wa makanisa ya kale.

Nguo za namna hii zinahitaji pa kwenda. Tangu mwaka 1977 barabara ya Harajuku ilikuwa ikifungwa kwa magari kila Jumapili, na wenyeji wakaiita pepo ya waenda kwa miguu. Vijana walicheza dansi, wakapiga muziki, wakaonyeshana mavazi. Mwaka 1998 utaratibu huo ukakomeshwa. Wavaaji wakabaki na daraja la Jingu, lililo kati ya kituo cha treni cha Harajuku na hekalu la Meiji, na kwa miaka mingi wageni kutoka kila pembe ya dunia walikwenda pale siku ya Jumapili kuwapiga picha.

Daraja lina sifa yake, lakini ni mahali pa kusimama, na anayesimama darajani kazi yake ni kutazamwa. Ukitaka kuongea na mwenzako mpaka jua lishuke, utafute nyasi.

Shinjuku Gyoen ina nyasi za kutosha. Ni bustani ya zaidi ya hekta 58 katikati ya jiji, yenye sehemu ya Kijapani, sehemu ya Kiingereza iliyo wazi na pana, na sehemu ya Kifaransa yenye waridi na miti iliyopangwa mistari. Enzi za mashogun ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Naito. Mwaka 1906 ikafanywa bustani ya Mfalme wa Japani, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuingia na kikapu chake. Vita viliiunguza karibu yote mwaka 1945. Mwaka 1949 milango ikafunguliwa kwa umma, na tangu hapo mwenye tiketi yake anaketi pale alipokuwa akiketi mfalme. Pombe imepigwa marufuku humo ndani, jambo linaloipa chai nafasi yake. Tena bustani ina micheri ya aina nyingi, mingine ikichanua wakati ile ya mitaani imekwisha kupukutika, kwa hiyo aliyekosa wiki ya kwanza ya Aprili hajakosa yote.

Upande wa kaskazini wa jiji kuna bustani nyingine yenye historia kama hiyo, Kyu-Furukawa. Nyumba yake ya mawe ilikamilika mwaka 1917, ikichorwa na Mwingereza Josiah Conder kwa ajili ya Baroni Furukawa, wa ukoo uliotajirika kwa migodi ya shaba. Mbele ya nyumba, mteremko umekatwa ngazi ngazi na kupandwa waridi za aina 100 hivi. Chini kabisa kuna bustani ya Kijapani yenye ziwa, kazi ya Ogawa Jihei wa Kyoto. Waridi huchanua Mei, zikarudia Oktoba. Mwaka 1956 ikafunguliwa kwa watu wote. Mwenye gauni la Lolita ya kale, lenye rangi ya divai au ya majani makavu, hawezi kupata ukuta wa nyuma ulio bora kuliko mawe yale meusi na waridi zile mwezi wa Oktoba.

Nimezitaja bustani hizi mbili kwa kirefu kwa sababu historia yake inafanana na historia ya chai yenyewe.

Saa kumi

Inasimuliwa kwamba miaka ya 1840, huko Uingereza, Anna Maria Russell, mke wa Duke wa saba wa Bedford, alikuwa akiishiwa nguvu kila alasiri. Chakula cha mchana kilikuwa chepesi, na cha usiku katika nyumba za wakubwa kilikuwa kimesogezwa hadi saa mbili. Akaanza kuagiza buli la chai, mkate na siagi chumbani kwake. Baadaye akawaalika rafiki zake, na rafiki nao wakaalika wao. Kwa kuwa alikuwa mhudumu wa heshima wa Malkia Victoria, desturi yake ilienea haraka katika majumba ya kifahari, na pamoja nayo yakaja magauni ya chai, vikombe vya kauri nyembamba, na sandwichi za tango zilizokatwa kingo.

Ukitaka kujua desturi ile ilifika umbali gani, tazama saa yako. Afrika Mashariki nzima inajua chai ya saa kumi. Neno lenyewe limesafiri pia. Wachina waliita jani hilo cha. Waajemi na Wahindi wakalifanya chay. Sisi tukapokea chai. Wajapani walilichukua moja kwa moja, wakabaki na cha, na tafrija ya wavaaji wa Lolita kwao inaitwa ochakai, yaani mkusanyiko wa heshima wa chai. Mswahili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, katikati yake anasikia neno la jikoni kwao.

Na huenda anakunywa ya kwao pia. Mche wa kwanza wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903, na leo Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani, sehemu kubwa ikipita kwenye mnada wa Mombasa. Majani ya Kericho yamo katika michanganyiko mingi ya Uingereza, ile ile inayouzwa kwenye makopo mazuri na kuishia katika mabuli yenye maua. Kwa hiyo nyuma ya alasiri ya mabibi wakubwa kulikuwa na watu wengi ambao hawakuwa na alasiri: mchumaji mwenye kikapu mgongoni, mpishi, mtumishi aliyepanda ngazi na sinia. Ustarehe wa mmoja ulisimama juu ya miguu ya kumi.

Japani nayo ilikuwa na njia yake ya chai muda mrefu kabla Mwingereza hajaonja. Sen no Rikyū, bingwa wa njia hiyo aliyefariki mwaka 1591, alipenda chumba kidogo chenye kilango cha chini sana, ambacho mgeni hupita kwa kutambaa. Samurai aliacha upanga nje. Aliyekuwa mkubwa barabarani aliinama sawa na mdogo. Wavaaji wa leo hunywa chai ya rangi ya Kiingereza badala ya unga wa kijani wa Rikyū, lakini mtu anayevua viatu vyake na kupiga magoti kando ya mkeka amefanya tendo ambalo bingwa yule angelitambua.

Mashua iliyozaa kitabu

Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hesabu wa Oxford aitwaye Charles Dodgson alipanda mashua pamoja na kasisi Robinson Duckworth na watoto watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith Liddell. Wakapiga makasia kwenda Godstow, wakanywa chai ukingoni mwa mto. Watoto wakadai hadithi, naye akawapa moja ya msichana anayeingia shimo la sungura. Miaka 3 baadaye ilichapishwa kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll, na michoro ya John Tenniel ikamvika Alice lile gauni lenye rinda lililovimba na aproni.

Hakuna kitabu kimoja kilicholisha magauni ya Lolita kuliko hicho. Kampuni nyingi za mtindo huu zimewahi kuchapa kitambaa chenye sungura mwenye saa, karata, au meza ya chai isiyokwisha. Mwaka 2004 Baby ilizindua tawi lenye jina la Alice and the Pirates. Mvaaji anayekwenda mandari na gauni lenye picha za vikombe anakirudisha kitabu kilikozaliwa, nyasini kando ya maji, ambako watu wazima na watoto walikuwa na chai, na muda wa kusikilizana.

Namna gauni linavyoketi

Sasa tuingie katika mambo ya mikono. Mandari ya Lolita ina ufundi wake, na anayeupuuza atarudi nyumbani na doa la nyasi kwenye rinda alilolikusanyia pesa miezi.

La kwanza ni majira. Kiangazi cha Tokyo kina joto la unyevunyevu linalofanana na Dar es Salaam mwezi Februari, na shimizi ya neti katika hali hiyo ni adhabu. Ndiyo maana Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya wavaaji. Anayetoka Julai huchagua pamba nyepesi, mikono mifupi, shimizi yenye tabaka chache, na mwavuli wa jua. Mwavuli huo wenye lesi ni kivuli kwanza, urembo unafuata.

La pili ni kitambaa na nia. Kuna tawi la mtindo liitwalo Lolita ya shamba, ambalo ni kana kwamba lilibuniwa kwa ajili ya kikapu: pamba yenye miraba myekundu na myeupe, kofia ya ukindu, picha za matunda, mkoba wa kusukwa. Gauni la namna hiyo huvumilia nyasi. Hariri bandia yenye kung'aa, na lesi ndefu inayogusa ardhi, ziache zingoje meza ya hotelini.

La tatu ni kuketi kwenyewe. Ukijitupa chini, shimizi itapanda mpaka kifuani. Piga magoti kwanza. Kusanya rinda la nyuma kwa viganja viwili, uliinue kidogo, uketi juu ya shimizi ili gauni lisikunjike chini yako, kisha uliachie lianguke pande zote. Ndani ya shimizi huvaliwa suruali fupi ya lesi, ambayo wageni huidhani ni pambo. Upepo ukivuma, au ukihitaji kuinuka haraka kumfuata mtoto wa jirani aliyechukua biskuti, utaijua kazi yake. Na upimapo nafasi, kumbuka kwamba mkeka wa watu wanane unatosha magauni matano. Chini ya kitambaa kizuri tandika nailoni, kwa maana nyasi zinazoonekana kavu saa sita huwa na unyevu wake saa kumi.

La nne ni chakula. Kila kitu kiwe cha kuingia mdomoni kwa mara moja au mbili: sandwichi ndogo za tango na mayai, skonzi zilizopakwa jemu nyumbani, stroberi zilizokwisha kuoshwa na kukatwa vikonyo, biskuti kavu, na katika mandari za Kijapani, vitonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani. Krimu inayotiririka na mchuzi wowote vibaki nyumbani. Chai husafiri katika chupa, lakini wapo wanaovifunga vikombe vya kauri katika taulo, kimoja kimoja, wakavibeba kwenye treni mpaka bustanini. Nawaheshimu sana watu hao. Uzito wa kikombe cha kweli na kisahani chake hubadilisha namna mkono unavyotulia, na mkono ukitulia hata mazungumzo hutulia.

Jambo moja msomaji wetu atalipenda bila kufundishwa. Kampuni za Lolita hutoa picha moja ya kitambaa katika rangi kadhaa na mishono kadhaa. Marafiki wawili wakavaa picha hiyo hiyo, mmoja buluu, mwingine waridi. Sisi tunaita sare. Yeyote aliyewahi kwenda kwa fundi na shangazi zake kabla ya harusi, wakipimwa kitambaa kimoja, anajua furaha ya kuonekana kutoka mbali kwamba hawa wamekuja pamoja.

Mezani

Tafrija ya chai ya ndani ina sura mbili. Ya kwanza ni ile inayoandaliwa na kampuni yenyewe: ukumbi wa hoteli, tiketi, na kila mgeni amevaa nguo za kampuni hiyo kuanzia utepe hadi soksi. Wabunifu hupita meza hadi meza. Kuna bahati nasibu, mashindano ya mavazi, na zawadi ya kurudi nayo. Mwenye gauni la mkusanyo wa zamani huketi karibu na mwenye la jana, na aliyelishona anakuja kuliona gauni lake limeishi vipi.

Ya pili ni ya marafiki. Watano wanachanga pesa, wanaweka nafasi hotelini au wanampa mwenzao mwenye sebule kubwa kazi ya kupokea. Sinia ya ghorofa tatu hufika, nao hula wakipanda: sandwichi chini, skonzi katikati, vitamu juu. Katika mikusanyiko hii mtu haulizwi kazi yake kwanza. Huulizwa habari za lesi yake. Amelipata wapi gauni, alilingoja muda gani, kifungo hiki alikibadilisha mwenyewe? Maswali hayo yanaonekana madogo, lakini kila moja ni mlango. Mwenye haya nyingi, ambaye hawezi kumwambia mgeni habari za maisha yake, anaweza kueleza kwa nusu saa jinsi alivyorekebisha mkono wa blauzi, na katika kueleza hayo amejieleza yeye.

Habari ya pesa tuiseme wazi. Gauni jipya la kampuni kubwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya yeni, nalo bado linataka shimizi, blauzi na viatu. Ndiyo maana soko la mitumba ni moyo wa mtindo huu. Duka la Closet Child huko Tokyo limewavalisha wengi. Wengine hushona wenyewe. Mkekani, gauni la cherehani ya nyumbani lililopigwa pasi vizuri hukaa karibu na la Laforet bila aibu, kwa sababu rinda likishatanuka macho hutafuta umbo na mpangilio.

Msichana wa Shimotsuma

Mwaka 2002 mwandishi Novala Takemoto alichapisha riwaya iliyoufikisha mtindo huu kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Harajuku. Miaka 2 baadaye Tetsuya Nakashima aliifanya filamu, na nje ya Japani ikajulikana kama Kamikaze Girls. Mhusika wake, Momoko, anaishi Shimotsuma, mji wa mashambani katika mkoa wa Ibaraki. Anaipenda Ufaransa ya karne ya 18, enzi ya Rokoko, kuliko enzi aliyozaliwa. Anavaa magauni ya Baby akipita kando ya mashamba ya mpunga, na husafiri kwa treni mpaka Tokyo kununua mengine. Anaamini kwamba mtu mwenye gauni lake hamhitaji mtu.

Kisha anakuja Ichigo, msichana wa genge la pikipiki, mwenye kelele na koti refu lililodariziwa. Kila anachokipenda mmoja, mwingine hakielewi. Hadithi yote ni safari ya Momoko kugundua kwamba upweke wake, hata ukipambwa kwa lesi nzuri namna gani, una ukuta mmoja uliobomoka, nao ni ule unaomtazama rafiki.

Wavaaji wengi walimpenda Momoko kwa ujasiri wake wa kuvaa alivyotaka mbele ya kijiji kizima. Mimi nampenda zaidi kwa sehemu ya pili ya hadithi yake. Rokoko aliyoiota ilikuwa na bustani pia. Mwaka 1783 ulianza ujenzi wa kijiji cha kuchezea cha Malkia Marie Antoinette huko Versailles, chenye kinu, ziwa na nyumba ya maziwa, na asiyealikwa hakukanyaga. Malkia alikuwa na nyasi zote na marafiki wachache. Momoko alikuwa na njia ya mashambani na rafiki mmoja mwenye pikipiki, na ukiniuliza nani kati yao alikuwa na alasiri bora, jibu langu ni jepesi.

Mwaka 2006 Baby ilifungua duka Paris. Magauni yaliyoota Ufaransa yakiwa Tokyo yakafika Ufaransa yenyewe. Leo, mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Juni na ya kwanza ya Desemba, wavaaji huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lolita. Wa nchi za kaskazini hutoka na vikapu mwezi wa Juni, na Desemba huketi ndani kwenye chai ya moto.

Siku ya mapumziko ya muuguzi

Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliteua vijana watatu kuwa mabalozi wa utamaduni wa kawaii, yaani wa mambo ya kupendeza na kugusa moyo. Mmoja alikuwa Misako Aoki, uso unaojulikana kuliko wote katika Lolita. Amezunguka nchi nyingi kwa ajili ya kazi hiyo, akihudhuria tafrija za chai na kuketi na wavaaji wa kila lugha. Kwa taaluma yeye ni muuguzi, na aliendelea na uuguzi wakati picha zake zikijaa magazetini.

Kila nikiwaza mtindo huu namuwaza muuguzi huyo. Mkono uliopima mapigo ya mgonjwa usiku ndio unaofunga utepe asubuhi. Na karibu naye mkekani wamo wauzaji wa maduka, wanafunzi, makarani, akina mama waliomwachia bibi mtoto kwa saa nne. Mke wa Duke alikuwa na alasiri kwa sababu wengine walifanya kazi badala yake. Hawa wamefanya kazi wenyewe, wakaoka skonzi wenyewe, wakapiga pasi usiku wa kuamkia, na wakalipa kiingilio getini. Gauni kwao ni njia ya kuiambia siku ya mapumziko kwamba haitaliwa na usafi wa nyumba na foleni za dukani. Huwezi kuvaa tabaka zile zote halafu ukakimbia. Vazi lenyewe linakuzuia. Linakuketisha.

Tangazo la kufunga bustani likisikika, kazi ya mkekani huanza upya. Vikombe hurudi kwenye taulo zake. Makombo hukung'utwa, taka hufungwa kwenye mfuko wa kurudi nazo nyumbani, turubai likakunjwa mara nne. Mtu hushika mkono wa mwenzake ili ainuke bila kukanyaga lesi, naye akishasimama humtengenezea yule rinda la nyuma ambalo mwenyewe halioni. Wanakaa ukingoni kuvaa viatu. Hapo, mikanda ikiwa bado haijafungwa, mmoja hutoa simu na kuuliza ni nani ana zamu Jumapili ya pili ya Mei, kwa kuwa waridi za Kyu-Furukawa zitakuwa zimefunguka.